Mfuko Mwekundu wa Pancha

Kabla ya kila safari ya mama, Jumapili alasiri, meza ya sebuleni kwetu husukumwa ukutani na turubai hutandazwa sakafuni. Juu ya turubai mama hupanga kila kitu atakachokwenda nacho: hema, mkeka wa kulalia, jiko dogo la gesi, sufuria moja, tochi, koti la mvua, spana, mafuta ya mnyororo, tyubu ya akiba. Mimi hukaa kitini na orodha mkononi kama hakimu.

"Hema," nasema.

Mama analiinua. "Hili hapa."

"Nimeliona." Natia tiki.

Kitu ambacho sijasema nimekiona hakipandi pikipiki, hata kiwe kijiko. Ndiyo sheria yetu, na ndiyo maana mama huniita Karani, utadhani sikupewa jina.

Mama ni daktari wa mifugo. Watu wanamwita Mama Chanjo, kwa sababu kila mwezi hufunga boksi la barafu lenye chanjo za ng'ombe na mbuzi nyuma ya pikipiki yake, akaenda siku tano huko ambako gari halifiki. Lami inaishia kwenye kituo cha mafuta. Baada ya hapo ni mawe, mchanga na makorongo, na simu haishiki. Yeye hulala hemani. Mimi hulala nyumbani na Bibi Redio.

Bibi Redio ni jirani yetu. Ni mtu mwema, sitaki kusema uongo, lakini redio yake haizimwi na mwenyewe husinzia kabla taarifa ya habari haijaisha. Ukimwambia lolote anajibu, "Ndiyo, mjukuu wangu," hata kama umemwuliza ni saa ngapi. Hula kwake kabla ya kuja, kwa hiyo mimi hula peke yangu. Baba alifariki nikiwa na miaka minne. Nyumbani tuko wawili tu, mama na mimi. Mama akiondoka, mkono wangu hutenga sahani mbili kwa mazoea. Nikiiona ile ya pili naikasirikia bure, naifuta ingawa ni safi, nairudisha kabatini.

Mwezi huo ugonjwa ulikuwa umeingia kwenye mifugo, na mama alipaswa kwenda mara ya pili. Shule zilikuwa zimefungwa. Rafiki zangu wote wawili walikuwa wamekwenda kwa ndugu zao. Nilikuwa nimebaki mimi, redio na kuku wa jirani.

"Mama," nilimwambia Jumapili hiyo, "kwani huwezi kwenda Jumanne?"

Mama alikuwa amepiga magoti akichora ramani ya safari: wapi kuna maji, wapi atalala usiku wa kwanza, wa pili, wa tatu na wa nne, na siku ya kurudi, saa ngapi nianze kuwa na wasiwasi asipopiga simu kutoka kituoni. Huchora mbili. Moja huenda nayo, nyingine hubandika ukutani.

"Barafu haingoji, mwanangu," alisema bila kuinua kichwa.

Nilitaka kumwambia kwamba na mimi nimechoka kungoja. Nilisoma tu kilichofuata kwenye orodha.

"Mfuko mwekundu wa pancha."

Aliuinua na kuufungua. Ndani mlikuwa na viraka, gundi, msasa, na pampu ndogo ya mkono. "Huu hapa."

"Nimeuona."

Tulipomaliza, mama alianza kufunga: vizito chini, vyepesi juu, koti la mvua mahali ambapo mkono unafika bila kufikiri. Kila mara hunikumbusha, "Mzigo ukifungwa vibaya, pikipiki ndiyo inamwendesha mtu." Kisha akatoka kwenda kuchukua chanjo na barafu ofisini.

Nilibaki na ile mizigo. Sijui nilikaa muda gani nikiitazama. Halafu nikafungua begi la kushoto, nikautoa mfuko mwekundu, nikauficha jikoni nyuma ya ndoo ya maji.

Msinielewe vibaya. Sikutaka mama apate shida. Nilikuwa nimepiga hesabu zangu vizuri, au ndivyo nilivyodhani. Mama ana desturi ya kusimama pale mwisho wa lami, akafungua mizigo yote na kuikagua tena kwa orodha. Angeona mfuko haupo, angegeuza. Akifika nyumbani jua limeshapanda, barafu imeanza kuyeyuka, lazima ibadilishwe, na safari ingekuwa kesho yake. Ningempata siku moja zaidi. Moja tu.

Asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, mama alikuwa ameshavaa kofia ya pikipiki. Aliniuliza swali lake la siku zote: "Karani, vyote vimo?"

"Vyote vimo."

Sauti yangu haikutetemeka hata kidogo. Mpaka leo jambo hilo linanishangaza.

"Safari kumi na moja," mama alisema, akanishika shavu kwa glavu yake ngumu. "Hujakosea hata mara moja. Leo jua litakuwa kali, sitapoteza muda kufungua mizigo pale kituoni. Tiki zako zinanitosha."

Mdomo wangu ulifunguka. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Ilikuwa nafasi ndefu kabisa, kwa sababu pikipiki ilikataa kuwaka mara mbili. Ya tatu ikawaka, mama akapunga mkono, na mimi nikapunga.

Nilijiambia, atakagua tu, mazoea yana taabu. Nilichemsha chai ya watu wawili. Nikaketi mlangoni. Saa mbili ikafika, saa tatu ikafika, chai ikaota utando juu. Kila pikipiki iliyopita barabarani niliinuka kuitazama, na kila moja ilikuwa ya mtu mwingine. Nimewahi kuwa peke yangu mara nyingi, lakini asubuhi ile nilikuwa peke yangu na uongo wangu, na huo ni upweke mbaya zaidi.

Saa tatu na nusu niliazima simu ya Bibi Redio nikapiga kituoni. Namba yao iko kwenye ile ramani ya ukutani.

"Mama Chanjo?" alisema mhudumu. "Huyo kapita zamani! Amejaza tanki, hata begi hakugusa."

Niliutoa ule mfuko nyuma ya ndoo nikakimbia nao hadi gereji. Fundi wa pikipiki wa mtaa wetu anaitwa Taratibu, kwa sababu kufungua nati moja kwake ni kazi ya asubuhi nzima. Alikuwa akisafisha kabureta kwa mswaki.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Mbona unahema hivyo, unafukuzwa?"

"Mama amesahau mfuko wa pancha."

Tazama uongo unavyozaa! Wa kwanza haujapoa, wa pili umeshatoka, na safari hii nilikuwa nimembebesha mama.

Fundi Taratibu alicheka, akaendelea kupiga mswaki. "Mama yako na orodha yake? Huyo hasahau. Kama huo umebaki, basi ana mwingine. Si wewe mwenyewe ndiye unayetia tiki? Tulia, mwanangu. Haraka haraka haina baraka."

Nilisimama pale. Nikikubali maneno yake, nitarudi nyumbani, hakuna atakayejua, na mama atakuwa huko peke yake na matairi mawili na miiba yote ya dunia. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba uongo wangu ndio uliomketisha fundi kwenye kigoda chake. Nilijikaza kisabuni.

"Hana mwingine. Nilitia tiki, halafu nikautoa, nikauficha. Nilitaka arudi."

Mswaki ulisimama. Fundi aliuweka chini, kando ya kabureta.

"Anapita njia gani?"

"Ya korongo kubwa. Usiku wa kwanza analala kwenye mwamba wenye mapango mawili. Imeandikwa kwenye ramani."

"Kailete. Muage Bibi Redio. Vaa viatu vya kufunika vidole." Alikuwa tayari ameinuka. "Utampa kwa mkono wako mwenyewe."

Siku ile niligundua kwamba Taratibu ni jina la gerejini tu. Barabarani yule mtu ni mwingine kabisa. Juu ya pikipiki yake tulipita kituo cha mafuta, lami ikaisha, mawe yakaanza kunirusha kama mahindi kwenye kikaango. Hakukuwa na nyumba, hakukuwa na mtu. Nilikuwa nikiwazia njia ya mama ina watu, ina vijiji kila baada ya hatua chache. Kumbe ni hivi. Kumbe na yeye hukaa peke yake, siku tano, na hajawahi kulalamika hata mara moja.

Tulimkuta saa sita, upande wa huku wa korongo. Pikipiki kwanza haikuonekana. Tulimwona mama akija kwa miguu, ameinama, kofia mkononi, anaangalia chini kulia na kushoto. Alipotuona alisimama kama mtu anayeota ndoto.

"Kuna nini nyumbani?" alipiga kelele.

"Nyumbani salama," alijibu fundi. "Wewe je?"

"Nimepata pancha. Tyubu ya akiba ninayo, lakini pampu imo kwenye mfuko mwekundu, na mfuko umeanguka njiani." Alijifuta jasho kwa mkono wenye vumbi, likawa tope. "Nadhani sikufunga begi la kushoto vizuri. Kosa langu. Nimerudi nyuma saa nzima nikiutafuta."

Saa nzima, kwenye jua lile! Alikuwa ameshuku mkono wake, ameshuku kamba, ameshuku mawe. Mimi hakunishuku. Ningependa anipige kofi kuliko kusikia maneno yale.

Niliutoa mfuko ndani ya koti langu. "Haukuanguka, mama. Niliuficha."

Nilimweleza yote, ndoo ya maji, chai ya watu wawili, na hata uongo niliomwambia fundi. Machozi yalinitoka na kamasi pia, si jambo la kujivunia. Fundi Taratibu aliuchukua mfuko polepole akasema anatangulia kulitazama tairi.

Mama aliketi juu ya jiwe. Aliweka kofia yake miguuni.

"Kwa nini?" aliuliza mwishowe.

"Nyumba ni kimya sana usipokuwepo. Nilikuomba uende Jumanne."

"Ukaniambia kwa nini?"

"Sikukwambia."

"Na mimi sikuuliza. Nilikuwa nachora ramani." Alivuta pumzi. "Hilo ni langu, nalibeba. Sasa sikia lako. Kuwa mpweke si kosa, mwanangu. Hata mimi hemani huongea na sufuria. Lakini ile tiki yako ni neno lako. Mimi nililala juu ya neno lako, nikaamka, nikapanda pikipiki juu ya neno lako. Mtu akikuamini, amekupa maisha yake uyashike. Hata ukiwa na uchungu, huyaachii ili akuone."

Nilifuta kamasi kwa mkono wa koti.

"Lakini mwisho ulisema kweli," aliongeza, "na ukweli wako ndio uliomleta fundi. Ungenyamaza, kesho ningekuwa bado hapa, na chanjo zimeharibika. Njia ya mwongo ni fupi. Afadhali umeigeuza mapema." Kisha akanivuta, akanibana kifuani. Alinuka petroli na jasho. "Safari tatu zijazo nitafungua mizigo pale kituoni. Ya nne, tutaona."

Tulipoifikia pikipiki ya mama, barafu ilikuwa bado ngumu. Tairi likajazwa, mama akavuka korongo, na mimi nikarudi nyumbani kukaa siku zangu tano. Zilikuwa ndefu. Nilizistahili.

Tangu hapo orodha yetu ina mstari mmoja zaidi, wa mwisho kabisa, kwa mwandiko wa mama: *Karani*. Tukiufikia, yeye ndiye hushika kalamu.

"Karani yukoje leo?" huuliza, na ni lazima nijibu kweli.

"Mpweke kidogo." Siku nyingine nasema, "Mpweke sana."

"Nimeuona upweke wako," husema mama, hutia tiki, na hatufungi mizigo mpaka tumeuzungumza. Safari haiahirishwi. Ila sasa fundi hupita jioni kunisalimu, na mama huniachia barua moja kwa kila siku.

Safari ya kwanza alikagua mizigo pale kituoni. Ya pili alikagua. Ya tatu alikagua pia, nikasubiri simu huku nikitafuna kucha ingawa nilijua kila kitu kimo.

Safari ya nne, saa moja na nusu asubuhi, simu ya Bibi Redio iliita.

"Karani? Nimejaza tanki. Naingia njia ya mawe."

"Umekagua mizigo?"

"Nikague ya nini?" alisema mama. "Wewe si umeiona?"

Simu ilikatika, nikabaki nayo sikioni. Nyumba ilikuwa kimya vilevile. Jioni mkono wangu ulitenga sahani mbili kwa mazoea, nikasimama mbele ya ile ya pili nikitaka kuikasirikia. Kisha nikaenda kumgusa Bibi Redio begani kabla hajaanza kusinzia.

"Bibi, kuanzia leo usile kwako. Njoo tule pamoja, mimi peke yangu siwezi."

Alizima redio. Sikuwahi kumwona akiizima.

"Ndiyo, mjukuu wangu," alisema, na safari hii alikuwa amenisikia.