Punguza Redio Yako

Rafiki yangu ni mtangazaji wa redio ya chuo kikuu, na namjua vizuri, si mtu wa kutia chumvi.

Mdogo wake wa kiume alikuwa amepotea. Kila mchana, baada ya habari, rafiki yangu alisoma mwenyewe hewani tangazo la kumtafuta, kisha akasubiri simu. Waliopiga kumpa pole walikuwa wengi. Aliyemwona mtoto hakuwepo.

Siku hiyo umeme ulikatika katikati ya tangazo. Studio haina dirisha, likawa giza totoro, na matangazo yakakatika. Hapo simu ya mezani ikaita.

"Umemwona mdogo wangu? Sema basi, nakuomba!"

Nyuma ya mpigaji, redio ilikuwa inaongea.

"Punguza redio yako kwanza," akasema kwa mazoea. Kisha akaitambua ile sauti ya redioni. Ilikuwa yake mwenyewe, inaendelea na tangazo pale alipoishia.

"Anatafutwa pia dada yake," ilisoma taratibu. "Alionekana mara ya mwisho studio, amevaa kiatu kimoja tu, cha kulia."

Gizani, rafiki yangu akashusha mguu wa kushoto. Vidole vitupu vikagusa sakafu ya baridi.