Nafasi ya Jibu

Jioni ile ya Jumamosi, katika karakana ya mdogo wangu, walikuwapo hawa. Mdogo wangu mwenyewe, fundi wa redio, amekaa kwenye kiti chake kisicho na mikono, gitaa mapajani. Mkewe, shemeji yangu, amelazwa kwenye godoro karibu na mlango wa ndani, kwa sababu alikataa kubaki chumbani peke yake. Shangazi yetu, dada wa mwisho wa baba, ambaye sikio lake moja liliziba tangu utotoni na la pili lilikuwa likifuata. Kinyozi wa duka la jirani, ambaye mtaa mzima ulimwita Chiriku, na hakuna aliyehitaji kuelezwa sababu. Na mimi, kaka mtu, karani mstaafu wa masjala.

Walimu walionifundisha, enzi za mkoloni, walitutaka tuanze kila taarifa kwa kutaja waliohudhuria. Hao ndio niliowaona. Kama kulikuwa na mwingine, sikumwona.

Gitaa lile majirani waliliita gambusi, wengine zeze. Lilikuwa gitaa, la nyuzi sita, lililopasuka ubavuni na kuungwa kwa gundi ya mbao. Mdogo wangu alilipata akiwa amekwisha kupita umri wa kufundisha vidole jambo jipya. Tulimcheka. Chiriku alisema mtu wa umri ule hujifunza kuandika wosia tu. Yeye akajibu kwamba hana haraka: katika shule yake mwalimu ni yeye, mwanafunzi ni yeye, na hakuna wa kumfelisha.

Muziki alioutaka ni bluzi, ule wa huzuni wa watu weusi wa ng'ambo. Alikuwa na santuri moja tu. Ilikuja ndani ya gramafoni iliyoletwa kutengenezwa, na mwenye gramafoni hakurudi kuichukua. Karatasi ya katikati ya santuri ilikuwa imekwanguliwa, kwa hiyo jina la mwimbaji sikulipata, jambo lililonikera. Ni mtu mmoja na gitaa lake. Anaimba mstari, ananyamaza, gitaa linamjibu. Anaimba tena, linamjibu tena. Mdogo wangu alinieleza kwamba bluzi ndivyo ilivyo, mtu anasemezana na kilio chake.

Vidole vya yule mtu vilikuwa vyepesi mno kwake. Akafanya ambalo fundi yeyote angefanya: akabadilisha gurudumu la gramafoni ili santuri izunguke polepole. Sauti ya mwimbaji ikashuka, ikawa nzito, kama ya mtu anayesema akiwa chini ya kisima. Mdogo wangu akalegeza nyuzi za gitaa mpaka nazo zikashuka kumfuata huko chini. Akakata kipande cha bomba la shaba, akakivika kidole cha mwisho, akawa anakitelezesha juu ya nyuzi ili zilie kama mtu. Mistari ya kuuliza akaishika, mmoja baada ya mwingine. Majibu hayakushikika. Kila mara gitaa la kwenye santuri lilipojibu, mwendo ule wa polepole ulitoa mvumo mtupu.

Basi akayaruka. Alipiga swali, akaacha nafasi, akapiga swali jingine. Nafasi zile angezijaza baadaye, alisema, akishapata vidole.

Nilikwenda kwake siku moja kuchukua redio yangu aliyokuwa akiitengeneza. Jua lilikuwa limekwisha kuzama. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima, na watu walikuwa vibarazani wakingojea urudi. Mlango wa karakana ulikuwa wazi. Nilimkuta amenipa mgongo, mbele ya rafu zake za redio mbovu, zote vifuniko wazi, matumbo nje.

Sikutaka kumkatiza. Nikasimama mlangoni.

Akapiga swali. Akanyamaza.

Jibu likaja.

Lilikuwa laini... nyuzi mbili tatu zikiteleza, zikilia, zikizima. Nilidhani ni yeye. Kisha nikaiona mikono yake. Ilikuwa magotini.

Akapiga swali la pili. Akangoja.

Likajibu. Kutoka rafu ya juu.

Hapo ndipo harufu iliponifikia. Aliyeishi na redio za zamani za valvu, zile taa za kioo za ndani, anaijua: vumbi linaloungua juu ya valvu iliyowaka muda mrefu. Lakini umeme haukuwapo. Nikanong'ona kumuuliza ni nini kile. Hakugeuka.

"Kaka, nawe umesikia?" Naye alinong'ona. "Nilidhani ni masikio yangu tu."

Alikuwa na furaha. Hilo ndilo lililonitisha zaidi. Aliniambia kwamba mwanzoni jibu lilitoka nje, juu ya paa, na sasa limeingia ndani. Kuna mtu anamfundisha, alisema. Nikamuuliza ni nani. Akasema bado hajamjua.

Nikanyoosha mkono kwenye rafu ya juu. Redio iliyokuwa pale haikuwa na valvu hata moja, ni sanduku tupu la mbao. Mbao ile ilikuwa na joto, kama shavu la mtu mwenye homa.

Shemeji yangu alikuwa mtu wa kuimba chini chini kila mikono yake ilipokuwa na kazi. Ukuta kati ya karakana na chumba chao ulikuwa mwembamba, na wimbo uliokatwa katikati humsumbua msikilizaji. Mdomo hutaka kuumalizia. Akawa anapiga pasi na kuzijaza nafasi zile kwa sauti yake bila kujua. Jioni moja alianza kujaza, na jibu likatoka rafu ya kati kwa sauti ya shemeji. Yeye mwenyewe hakulimaliza. Mdogo wangu alimkuta amesimama, pasi mkononi, mdomo wazi, na hakuna kitu kinachotoka.

Daktari hospitalini alimchunguza akasema koo ni safi kabisa. Akashauri apumzike. Baada ya sauti, kikaondoka chakula. Baada ya chakula, pumzi ikaanza kuwa fupi.

Mdogo wangu alikuwa amekwisha kulitundika gitaa ukutani. Haikusaidia. Kila giza lilipoingia, redio ya rafu ya chini ilianza kupumua. Taratibu. Pumzi ya mwanamke aliyelala. Kiasi alichopungukiwa mgonjwa chumbani ndicho kilichoongezeka pale rafuni. Mdogo wangu aliifungua redio ile skrubu kwa skrubu, akazitandaza sehemu zake zote mezani.

Pumzi ikahamia redio ya pili yake.

Ndipo alipokuja nyumbani kwangu. Alisema kama fundi, bila kulia. Waya ukiachwa wazi hushika chochote kinachopita, aliniambia, naye ameacha waya wazi, tena mwingi. Dawa yake ni moja: apige wimbo wote, mwanzo hadi mwisho, na kila nafasi ijazwe na kinywa cha mtu aliye hai, kabla kingine hakijawahi. Yeye mwenyewe asingeweza. Hakuwa na mwalimu wa kumwonyesha namna ya kupiga na kuimba kwa pamoja. Akifungua mdomo, mikono inasimama. Mimi nina sauti ya bawaba. Tukamwendea Chiriku.

Chiriku alitusikiliza huku akinoa wembe, na kwa mara ya kwanza hakutukatiza. Kisha akasema, "Miaka yote mnaniambia ninyamaze. Leo mnakuja wawili kuniomba niseme? Haya, Fundi. Nitasema mpaka hilo dude liombe likizo."

Hivyo ndivyo tulivyokuwa pale Jumamosi ile. Shangazi hakualikwa, aliona tunaingia, akaingia.

Mdogo wangu akapiga swali la kwanza, na Chiriku akaingia nyuma yake kabla uzi haujatulia. Hakuwa na maneno ya bluzi. Alijaza kwa alichokuwa nacho: nyimbo za shule, masengenyo ya dukani, orodha ya wateja wake wenye vipara ambao bado huja kudai wanyolewe. Swali, Chiriku. Swali, Chiriku. Jasho lilimtiririka. Rafuni kukaanza mkwaruzo, kama kucha ndani ya masanduku, zikitafuta pa kutokea.

"Nani anaunguza vumbi?" Shangazi aliuliza kwa sauti kubwa, kama wasiosikia wanavyouliza. Hakusikia kingine chochote. Harufu alikuwa ameipata.

Niliitazama redio iliyokuwa ikipumua. Pumzi ilikuwa ikififia. Nikamtazama shemeji. Kifua chake kilikuwa kinapanda.

Ubeti wa mwisho. Swali la mwisho. Mdogo wangu alitelezesha ile shaba hadi chini kabisa, akainua mkono.

"Maji," alisema shemeji.

Sauti yake. Nyembamba, yenye kutu, lakini yake. Chiriku aligeuka kumtazama, uso wote kicheko.

Akasahau.

Nafasi ilipita... ndefu... wazi.

Kisha mtu akacheka. Kicheko cha Chiriku, kile kile kilichokuwa kikivuka barabara kila asubuhi. Kilitoka kwenye redio iliyokuwa juu ya meza, karibu na goti la mdogo wangu. Midomo ya Chiriku ilikuwa imefungwa.

Mdogo wangu alikuwa amepiga magoti kwenye godoro anamnywesha mkewe, analia. Shangazi anamshukuru Mungu. Aliyemwona Chiriku akijishika koo ni mimi peke yangu. Bado alikuwa akitabasamu. Alijaribu kusema jambo, akajaribu tena, na tabasamu likamwisha kidogo kidogo.

Dukani, wateja walidhani kimya chake ni mzaha mpya. Walimchokoza, wakamtania, wakasema labda amekula wembe. Alinyoa akiwa ameinamisha kichwa. Kisha akaacha kufungua duka. Nilipomtembelea, chakula alichopikiwa na mkewe kilikuwa kimefunikwa mezani, hakijaguswa, na aliniandikia hewani kwa kidole, kama mtoto: anakisikia kicheko chake kikimwita kutoka kwa Fundi.

Nilimwendea mdogo wangu nikamwambia nipo tayari, hata kama sauti yangu ni ya bawaba. Alinifungulia mlango kidogo tu. Alikuwa amekonda, kidole chenye shaba kimechubuka.

"Shemeji yako alitolewa humo na Chiriku," alisema. "Chiriku akitolewa na wewe, wewe atakutoa nani? Na huyo, naye?"

Nikasema safari hii tutakuwa makini, hakuna atakayegeuka.

"Si kosa la Chiriku, Kaka. Nimeisikiliza ile santuri mpaka mwisho, kwa mwendo wake wa kweli. Swali la mwisho halina jibu. Yule mtu anauliza, na hapo hapo kunakuwa kimya. Nafasi ile haizibiki kwa maneno. Ni ya mtu."

Akafunga mlango.

Tangu hapo karakana haikupokea kazi. Aliyepita barabarani alisikia anafanya lile lililomshinda tangu mwanzo: anapiga na kuimba kwa pamoja. Anakosea, anaanza upya. Mikono inasimama, anaikemea kama mwalimu anavyomkemea mwanafunzi, anaanza upya. Shemeji alikuja kwangu akaniomba nimzuie. Nilikwenda nikabisha hodi. Mdogo wangu alinijibu kwa upole, kutoka ndani, kwamba darasa halijaisha. Nilimwambia shemeji tuuvunje ule mlango. Akaniuliza nani basi atakwenda kumwambia mke wa Chiriku kwamba mumewe ataachwa afe. Mlango haukuvunjwa.

Jumatano mdogo wangu alinitumia salamu: nisije tena, ameweza.

Kulikoni hasa, sijui. Shangazi anashikilia kwamba yote ni kazi ya yule aliyeileta gramafoni, na kwamba hakuisahau. Mdogo wangu hakumkumbuka sura wala jina, wala kama alikuwa mwanamume au mwanamke. Mimi sishikilii lolote. Nimeandika nilivyoona.

Alhamisi giza lilipoanza kuingia nilikuwa ukumbini nafunga madirisha. Mtu akapiga hodi.

"Mzee. Fungua, ni mimi."

Niliijua sauti kabla sijafika mlangoni. Chiriku alikuwa amesimama kizingitini, nguo zinamning'inia mwilini, machozi yanatiririka. Alisema alikuwa amelala, ghafla akajisikia anaongea. Alilisema hilo mara mbili. Hakutia mzaha wowote.

Tulitazamana. Nikaanza kutafuta viatu.

Wakati huo huo shemeji alikuwa uani kwao akianua nguo. Anasema alimsikia mumewe akiimba wimbo wote, gitaa na sauti pamoja, bila kukosea hata mara moja. Wimbo ukaisha. Kukawa kimya. Kisha gitaa likajibu, peke yake, kwa muda mrefu, vizuri kuliko alivyowahi kulipiga.

Mdogo wangu, fundi wa redio, alifariki Alhamisi hiyo wakati wa magharibi.