Nia ya Yunisi

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare za shule, Yunisi aliteka maji. Watoto wengine wa Ujiji waliyateka bombani. Yeye aliyachota sebuleni kwa bakuli, akajaza ndoo na kwenda kuyamwaga nje. Jioni aliporudi, aliyakuta tena.

Ziwa Tanganyika lilikuwa likipanda tangu mvua za masika. Lilichukua uwanja wa kuanikia dagaa, likachukua choo, kisha nyumba za majirani waliokuwa mbele yao. Baba yake, Leonardi, seremala wa mitumbwi, alipanga viroba vya mchanga mlangoni. Mawimbi yalipita katikati ya viroba.

"Baba, kwa nini tusiende Katubuka, kule juu, kwa shangazi?" Yunisi aliuliza.

"Nyumba hii aliijenga babu yako, matofali aliyabeba kichwani. Ziwa lilipanda enzi zake, likarudi. Mungu atalirudisha. Au wewe huna imani?"

Yunisi alichukua bakuli, akaendelea kuchota maji.

Njiani kwenda shule, rafiki yake Recho alimtania. "Jana umelala na kuhe wangapi?"

"Hakuna samaki aliyekuja. Walikuja vyura tu."

Walicheka, lakini Yunisi aliacha kucheka mapema. Ukuta wa sebule, pale alipolala na mdogo wake Bariki, ulikuwa na ufa. Zamani ulipitisha ukucha. Sasa ulipitisha kiganja kizima, na kwa nje aliona mwanga wa ziwa. Aliomba kila siku maji yapungue. Hayakupungua.

Jumamosi ilikuwa zamu yao kupokea jumuiya, yaani majirani Wakatoliki wanaosali pamoja nyumba kwa nyumba. Baba alifagia maji, akatandika magunia sakafuni, kisha akatundika kitenge kipya ukutani, nyuma ya meza ya msalaba. Kitenge kilifunika ufa wote.

"Leonardi, tuwaambie watu," mama alisema kwa sauti ya chini.

"Tuwaambie kwamba nimeshindwa kutunza familia?"

Mama aliendelea kunyoosha magunia.

Majirani waliingia wakisalimiana, "Mwakeye, mwakeye." Mzee Anatoli, mwenyekiti wa jumuiya, aliongoza sala. Ukafika wakati wa nia, ambapo kila mtu anaruhusiwa kuomba kwa sauti, hata mtoto. Mmoja aliombea wagonjwa, mwingine mitihani ya darasa la saba.

Yunisi alitazama kitenge. Kilikuwa kinapepea taratibu, ingawa dirisha lilikuwa limefungwa. Kumbishia baba mbele ya wageni hakuweza. Lakini kusema na Mungu, nani angemkataza? Akakumbuka mafundisho ya komunyo, akafumba macho.

"Ee Bwana, mpe baba yangu moyo kama wa Yosefu. Naye alikuwa seremala, lakini alimchukua mtoto na mama yake, akahama. Nyuma ya kitenge kuna ufa, na mimi na Bariki tunalala hapo. Ee Bwana, twakuomba."

"Utusikie," watu wote waliitikia kwa mazoea. Sauti ya baba ilikuwemo.

Mzee Anatoli aliinuka, akainua kitenge. Upepo wa ziwa ukazima mshumaa.

"Leonardi," alisema polepole, "Mungu unamwonyesha, sisi unatuficha?"

Baba aliinamisha kichwa. "Sina nguvu tena, mzee. Huko juu nitafanya nini? Nichonge mtumbwi wa kuelea kwenye mihogo?"

"Chonga milango. Watu wa Katubuka hawalali wazi."

Mtu mmoja alicheka, kisha baba naye akacheka kidogo, huku akifuta macho. Hawakumaliza nyimbo siku ile. Walibeba vitanda, sufuria na magunia hadi Katubuka kwa shangazi. Baba alitoka wa mwisho, amebeba randa na misumeno yake. Hakugeuka nyuma.

Wiki iliyofuata ukuta ule ulianguka mchana, ndani hamkuwa na mtu. Baba alikwenda kuutazama, akarudi. Jioni alikaa uani kwa shangazi, akiranda mlango wake wa kwanza. Yunisi alimshikia ubao.

"Baba, ulinikasirikia?"

"Sana." Alipuliza maranda. "Nilidhani imani ni kukaa palepale nikingoja ziwa lirudi. Ilikuwa hofu tu, nami nikaiita imani. Wewe uliogopa na bado ukasema. Mwanangu, Mungu hakutuondolea maji. Alitupa moyo wa kuondoka, na watu wa kutubebea mizigo. Ukizidiwa, usimfiche Mungu, na usiwafiche watu wake."

Kutoka Katubuka ziwa lilionekana kwa mbali, tulivu kama halijafanya lolote. Baba alilitazama, kisha akashika randa.

Asubuhi Yunisi alichukua ndoo, akaenda kuteka maji bombani.