Ubani wa Baridi

Saa nne na robo asubuhi, jasho liliacha kukauka Mtoni.

Mwaka huo wa 2074, kila mtoto wa Dar es Salaam alijua maana yake. Mtu hupozwa na jasho linapokauka mwilini. Hewa ikishiba maji, jasho linakataa kukauka, na mwili unaanza kuiva taratibu kama wali uliofunikwa. Kipimo cha balaa hilo kiliitwa joto-jasho. Likifika nyuzi thelathini na moja, wazee huanza kuanguka. Likifika thelathini na tano, hata kijana mwenye kifua cha mbeba mizigo hamalizi siku. Asubuhi ile lilikuwa thelathini na mbili, bado linapanda, na katika nyumba moja ya vyumba vitatu kulikuwa na msiba wa watu mia tatu arobaini na sita.

Fundi Kunambi aliwahesabu mwenyewe, mara mbili. Wanawake walijaa vyumbani na ukumbini, goti kwa goti juu ya mikeka. Wanaume walikaa uani, chini ya turubai lililozungushiwa mapazia-baridi, yaani mipira myembamba inayopitisha maji ya kilindini. Mipira ilikuwa imelegea. Maji yaliyopita ndani yake hayakutosha kupoza banda la kuku.

Alitoka akaenda kwenye sanduku la chuma lililosimama kwenye kona ya uchochoro, akaweka kiganja juu ya kioo chake.

"Nyumba namba saba," alisema. "Ongeza mafungu sitini ya baridi."

"Nyumba namba saba ina wakazi wanne," ilijibu sauti ya Mgawaji, tulivu kama ya karani aliyeshiba. "Wakazi wanne, mafungu manne. Siwezi kuongeza."

"Ina watu mia tatu arobaini na sita!"

"Wageni mia tatu arobaini na wawili wana mafungu yao majumbani kwao."

Kunambi alitamani kulipiga sanduku teke. Hakulipiga, kwa sababu jibu lile walilitunga yeye na wenzake.

Miaka kumi na mitatu nyuma, Joto Kuu liliua watu elfu nne na mia mbili wa mji huu katika siku sita. Baada ya mazishi watu wakaangalia waliokufa walikuwa wakiishi wapi. Kwenye majumba yenye mashine za kupoza hewa hakufa mtu. Mashine zile zilipoza vyumba vya wenye nazo, zikatapika joto kwa jirani, zikala umeme mpaka hospitali zikazima. Watu wakachoka. Mashine za binafsi ziling'olewa zote. Mitambo ya gesi na makaa ilizimwa, viwanda vya saruji vikafungwa, na wafanyakazi wake wakapewa kazi moja: kutandaza bomba linaloshuka baharini mita mia tisa, ambako maji ni ya baridi siku zote, na kuyaleta mpaka ndani ya kuta za nyumba. Baridi ikawa mali ya wote, haiuzwi wala hainunuliwi. Na ili asitokee mkubwa wa kujivutia, koki zilitolewa wizarani zikapewa wananchi, nyumba kumi kumi. Kila kumi ina sanduku lake na balozi wake, anayekaa mwaka mmoja tu. Mgawaji, akili ya mashine iliyoko Kurasini, inahesabu vichwa na kugawa. Haipokei simu ya mheshimiwa. Haina huruma, na ndiyo sababu watu waliiamini. Tangu hapo joto la namna ile lilikuja mara nne, na hata mara moja hawakufa watu kumi.

Mpango ulifanya kazi. Ila walioupanga waliwahesabu watu wakiwa majumbani kwao. Hakuna aliyekumbuka kwamba mtu akifa, mji huu haukai nyumbani.

Na marehemu hakuwa mtu wa kuzikwa na watu ishirini. Mzee Mwinyimvua ndiye aliyeosha maiti wa Joto Kuu. Siku ambazo ndugu waliogopa kuingia vyumbani mwa ndugu zao, yeye aliingia na ndoo yake, nyumba kwa nyumba, siku sita. Nusu ya Mtoni ilikuwa na mtu aliyepita mikononi mwake.

"Umefikia wapi?" Bi Siwatu alimuuliza. Ndiye balozi wa kumi ile, mama wa miaka sitini, mnene, mwenye sauti ya kuuza samaki, na kanga yake ilikuwa imelowa mgongo mzima.

"Imekataa. Bi Siwatu, waambie watu waende kwao. Warudi saa kumi, kuzika."

"Niwaambie mimi? Anza wewe kumwambia wako."

Wake alikuwa Sikudhani, binti yake, mke wa mtoto wa marehemu, mimba ya miezi minane. Mkamwana haondoki kwenye msiba wa mkwewe. Kunambi alichungulia dirishani akamwona ameegemea ukuta, midomo imepauka, anapepewa na wenzake kwa kifuniko cha ndoo.

"Baba, usinitazame hivyo," Sikudhani alisema. "Mimi mzima. Wahi pazia, shangazi zake wanazimia."

"Na hata wakikubali kwenda," Bi Siwatu aliendelea, "watembee kwenye joto hili? Bibi wa Kijichi atafika kwake au atafika kwa Mwinyimvua?"

Alikuwa sahihi. Nje palikuwa pabaya kuliko ndani. Njia ilibaki moja. Sheria iliruhusu mtu kuachia fungu lake kwa hiari, akisimama kwenye sanduku lake na kutamka kwa mdomo wake. Nyumba iliyoachia ingepata joto, lakini mtu mzima mwenye afya angevumilia. Kunambi alipiga hesabu: mafungu sitini yangelishikilia joto-jasho la msiba kwenye ishirini na tisa mpaka saa kumi. Watu sitini tu, mtaa mzima.

Alianzia kwenye sanduku la pili, kwa Balozi Ndimbo. Kabla ya mageuzi Ndimbo alikuwa na duka la mashine za kupoza hewa, na waliokuja kuzing'oa mashine zake mia nne waliongozwa na Kunambi. Alimkuta kibarazani anakuna nazi.

"Loo! Fundi wa wananchi," Ndimbo alisema. "Umekuja kung'oa nini leo? Mbuzi ya nazi hii?"

"Nina shida, Balozi. Kwa mujibu wa kifungu cha kumi na moja, wakazi wako wanaweza kuachia mafungu..."

"Kifungu!" Ndimbo aliangua kicheko. "Siku ile nilikuomba uniachie moja tu, ya chumba cha mama. Ulinijibuje?"

"Kila mtu sawa."

"Basi. Kila mtu sawa. Na huko unakotaka kuipeleka baridi yetu nasikia yuko binti yako. Nimekosea?"

Kunambi aliondoka mikono mitupu. Alipita masanduku mengine manne, akasoma kifungu kilekile, akapata mafungu matano. Watu walimsikiliza wakitazama pembeni. Saa sita joto-jasho lilifika thelathini na tatu, na kwenye msiba wazee watatu walikuwa wamelazwa sakafuni wanamwagiwa maji.

Bi Siwatu alimsikia akiomba kwenye sanduku la sita, akamvuta mkono.

"Unaongea kama mkusanya kodi, wewe. Nani atakupa? Nyamaza, nifuate."

Alirudi naye moja kwa moja kwa Ndimbo, akasimama mlangoni bila hata kupiga hodi.

"Ndimbo! Mwinyimvua ametutoka. Wewe na nyumba yako mmetoa ubani gani?"

Ndimbo aliacha kukuna. "Nitaleta jioni, Bi Siwatu. Mchele..."

"Mchele utapikwa na nani, wapishi wamezimia? Tunachukua ubani wa baridi. Aliye na chake atoe sasa."

Kabla Ndimbo hajajibu, mama yake alitoka chumbani akishika ukuta. Bibi Ndimbo alikuwa na miaka themanini na moja, na miguu yake ilikuwa imemkatalia kwenda msibani.

"Nani aliyemwosha baba yako?" alimuuliza mwanawe.

Ndimbo aliinamisha kichwa. "Mzee Mwinyimvua."

"Nipeleke kwenye sanduku."

"Mama, wewe hapana. Nitatoa mimi."

"Wewe utatoa chako. Mimi siwezi kwenda kumlilia, nikae hapa napoa? Nishike mkono."

Akapelekwa. Akaweka kiganja kikavu juu ya kioo, akatamka majina yake yote matatu. "Fungu zima?" Mgawaji iliuliza. "Zima," alisema. "Ubani mtu hamegi."

Habari ilikimbia kuliko maji ya bombani. Ubani wa baridi! Watu walitoka majumbani wakapanga foleni kwenye masanduku, kanga kichwani, wakitaniana na wakitazamana nani katoa ngapi. "Wewe nusu? Kweli wewe? Alimwosha dada yako!" Aliyesikia hivyo alirudi kuongeza nusu iliyobaki. Hakuna aliyetaka kusemwa kesho kwamba siku ya Mwinyimvua alibana. Kunambi, akiwa amesimama uani kwa mkwewe na kibao chake cha kioo, kilichounganishwa na masanduku, mkononi, alitazama namba zikipanda: ishirini, thelathini na nne, hamsini.

Saa saba na dakika kumi zilifika sitini. Mipira ya mapazia ilikuwa imejaa, inatoa umande. Chini ya turubai mtu mmoja alivuta pumzi ndefu, wa pili akafuata, ukasikika uwanja mzima ukipumua. Dua iliyokuwa imekatika ikaanza tena. Ndani, Sikudhani aliomba uji.

Kazi ya fundi wakati huo ilikuwa moja. Kwenye kibao palikuwa na amri ya kufunga mapokezi. Ukiibonyeza, masanduku yanakataa mafungu zaidi na waliobaki kwenye foleni wanarudi kwao na baridi yao. Kunambi aliiona. Kidole kilikuwa juu yake.

Namba ilifika sabini. Mashavu ya binti yake yalikuwa yamerudisha rangi. Themanini. Alimwona akicheka kidogo na shangazi zake, ameshika tumbo. Kunambi alijiambia kwamba joto bado linapanda, huenda sitini zisitoshe. Alijua zinatosha, hesabu ilikuwa yake. Tisini na tano. Aliweka kibao mfukoni.

Saa kumi joto-jasho lilishuka hadi thelathini na moja, wakamzika Mwinyimvua. Ndimbo alibeba jeneza upande wa mbele kushoto, na kaburi lilipokwisha kufukiwa alisimama karibu na Kunambi, akamgusa bega.

"Tumemzika vizuri," alisema.

"Tumemzika vizuri, ndugu yangu."

"Nakimbia nikamtazame mama. Atataka kusimuliwa yote."

Kunambi alimtazama akipotea uchochoroni, hatua ndefu, kanzu ameikunja mkononi. Haikupita robo saa akasikia ukelele kutoka upande ule.

Asubuhi ya pili mabalozi mia moja na ishirini wa Mtoni walikutana uwanja wa shule. Wapo waliotaka Mgawaji ifundishwe kutambua msiba, na hilo likapita bila ubishi. Wapo waliotaka asiruhusiwe mtu kutoa zaidi ya nusu ya fungu, Bi Siwatu akiwa wa kwanza kunyoosha mkono, na hilo nalo likapita. Hakuna hata mmoja aliyetaka mashine za zamani zirudi, wala koki zirudi wizarani. Hata Ndimbo, aliyekaa mstari wa mbele na macho mekundu.

Kisha mwenyekiti akauliza kama fundi ana la kusema. Kunambi angeweza kusema joto lilikuwa kali. Kila mtu angekubali. Alisimama.

"Yalihitajika mafungu sitini," alisema. "Niliyaona yametimia saa saba na dakika kumi. Ningeweza kufunga. Sikufunga. Binti yangu alikuwa mle ndani."

Ndimbo alimtazama muda mrefu.

"Endelea," alimwambia. "Sema yote. Mwandishi aandike."

Kunambi alifungua kibao. Akasoma.

Waliokuwa msibani, mia tatu arobaini na sita. Wote walitoka hai. Mafungu yaliyohitajika, sitini. Yaliyopokelewa, mia moja na kumi na nane. Yaliyozidi, hamsini na manane. Nyumba zilizobaki bila baridi kabisa, kumi na tisa, kwa saa mbili hadi tatu. Waliokufa ndani ya nyumba hizo, watatu: Zainabu Kibwana Ndimbo, miaka themanini na moja, alitoa fungu zima. Athumani Likwata, miaka sabini na sita, alitoa nusu, akarudi akatoa nusu. Pili Mgaya, miaka arobaini na nne, mgonjwa wa moyo, alitoa fungu zima. Huyu wa mwisho alitoa saa nane kasorobo, na namba wakati huo ilikuwa mia moja na kumi na saba.