Mshenga wa Venant

Asubuhi moja ya mwaka 1997, katika msongamano wa mwalo wa Kirumba, mchukuzi mwenye tenga la sangara alimgonga Teodora, na maji ya samaki yakalowesha gauni lake la njano. Alikuwa anawahi kazini. Kijana aliyevaa ovaroli la kiwanda cha minofu akamsogezea ndoo ya maji safi, akasema kwa upole kwamba sangara na njano hawajawahi kuelewana. Teodora alitaka kukasirika, akajikuta anacheka.

Kijana huyo aliitwa Venant Lugata, fundi wa majokofu, mwenye miaka ishirini na mitano. Hazikupita wiki mbili akawa anampigia simu ofisini kila mchana kutoka dukani kwa Pankaj, jirani na kiwanda, kumuuliza tu kama amekula. Teodora alimjibu kwamba anayeuliza chakula bila kukileta ni mchokozi. Jumapili walitembea kando ya ziwa, maana Venant hakuweza kukaa. Dakika kumi tu, alikwishainuka. Chumba chake cha Buzuruga kilikuwa cha saba katika miaka saba. Wazazi wake, alisema, wanalima pamba Sengerema. Lakini kila Teodora alipotaka kwenda kuwasalimu, palitokea sababu: mara mvua, mara kivuko kibovu.

Venant alijua kwamba mpenzi wake ni afisa ustawi wa jamii. Asichojua ni kwamba ofisi yake iliwashughulikia vijana waliotoka kwenye vituo vya yatima: kuwatafutia chumba na kazi, na kuwajulia hali baada ya geti kufungwa nyuma yao.

Siku moja alimletea sambusa ofisini. Teodora alikuwa ametoka kidogo, na mezani palikuwa na orodha. Venant akasoma: "Venansi Mtakuja. Aliondoka kituoni 1990. Hajulikani alipo." Hilo ndilo jina aliloandikiwa na masista alipookotwa akiwa mchanga. Alilitupa siku aliyotoka na blanketi moja na nauli ya kufika mjini.

Teodora aliporudi alimkuta amesimama, uso umebadilika.

"Kumbe mimi ni kazi yako," Venant alisema. "Sasa andika kwamba nimepatikana."

Akaondoka. Kufikia Ijumaa alikuwa amehamia Igoma.

Teodora alipitia orodha ile mstari kwa mstari mpaka alipofika kwa Venansi, akaelewa. Alilia kwa huruma. Kisha akaikumbuka Sengerema, akalia kwa hasira. Kesho yake alimpelekea faili la Venansi mwenzake Obedi, mtu mzima aliyeianza kazi hiyo kabla yake, akamweleza bila kuficha kwa nini yeye hawezi kulishika. Halafu akapiga simu kiwandani. Siku tatu aliambiwa fundi yuko kwenye chumba cha baridi. Siku ya nne Venant akaipokea.

"Unataka nini, afisa?"

"Usiniite hivyo. Venant, sikujua. Nilikuwa namtafuta Venansi, na wewe uliniambia una mama Sengerema. Nimemnunulia kitenge mtu ambaye hayupo."

Venant aliziba sikio la pili kwa kiganja. Nyuma yake mashine zilinguruma.

"Ungejua, ungenitazama kama unavyowatazama wale," alisema hatimaye.

"Nawatazama vizuri wale. Lakini wewe sitakusaidia. Faili lako liko kwa Obedi. Ukitaka msaada, nenda kwake. Mimi nakupenda, basi. Hivyo viwili sivichanganyi."

Ilimchukua Venant wiki nzima. Alikwenda kwa Obedi, akakaa, akainuka, akakaa tena. Alisimulia jinsi alivyolala stendi mwezi mzima, na jinsi ambavyo tangu hapo akiona mwenye nyumba anamzoea, hufungasha kabla hajaambiwa aondoke. Obedi hakumhubiria. Alimuuliza tu anataka nini sasa.

"Nataka kuoa," Venant alisema, "na sina wa kunipelekea posa."

Obedi alisema hilo halimo katika majukumu yake, ila Jumamosi huwa hana kazi.

Jumamosi hiyo walikaa sebuleni kwa Mzee Shimba, baba yake Teodora, kule Buhongwa, Venant akiwa na suruali iliyopigwa pasi mara mbili. Walitoa shikamoo, wakakaribishwa. Mzee akauliza kijana ni wa ukoo gani. Obedi alifungua kinywa, lakini Venant akamgusa mkono.

"Sina ukoo wa kukutajia, mzee. Nililelewa kituoni. Bwana Obedi si mjomba wangu, ni afisa. Nimemwomba anisindikize."

Jikoni, Teodora aliacha kukoroga mboga. Sebuleni, Venant alitamani kuinuka. Akashika kingo za kiti, akabaki.

"Mwaka jana," Mzee Shimba alisema, "kuna kijana alikuja hapa na mjomba wa kukodi, kumposa huyuhuyu Teodora. Niliwafukuza wote wawili." Akamtazama Venant kwa muda mrefu. "Wewe kaa. Mama Teodora, leta maji watu wanawe mikono, wale chakula."