Vichupa vya Butiama

SAA MBILI ASUBUHI. MWISENGE.

Mugeta alichora ramani kwa kidole chenye damu ya ng'ombe, juu ya meza ileile anayokatia maini. Chumba cha nyuma cha bucha lake kilinuka, naye alikaa humo kifua mbele utadhani waziri. Recho, dereva wao, alimtazama kutoka mlangoni na kumdharau. Jambazi gani huyu anaongoza kikao na aproni?

"Pikapu inatoka mjini saa nne. Dereva mmoja, mlinzi hakuna. Tunaibana kabla haijafika Butiama. Benson, eleza mzigo."

Benson alikuwa muuguzi wa kliniki iliyokuwa ikiusubiri mzigo huo. Alikuja kuiuza kliniki yake akiwa amevaa shati lililopigwa pasi. Recho alimdharau huyo pia, tena zaidi.

"Ni ute," Benson alisema. "Ndani kuna chembe ndogo, jicho halizioni, zimebeba dawa ya saratani. Ukiwa wa baridi unatiririka kama maji. Ukidungwa kwenye uvimbe, joto la mwili linaugandisha palepale. Unakaa hapo unaachia dawa kidogo kidogo. Unapiga uvimbe, mwili mwingine unauacha."

"Na mimi kichupa kimoja," Recho alisema.

"Kimoja, cha mdogo wako. Vingine vya Nathanieli, mnunuzi wetu," Mugeta alijibu.

"Na nitamdunga mimi mwenyewe," Benson aliongeza.

Recho alisonya. Sindano ni sindano. Marcelina alikuwa kitandani huko Guta, uvimbe umemkaba shingo hata uji unapita kwa taabu, na kliniki ilishamwambia nafasi za majaribio ya dawa hiyo zimejaa. Kilichokosekana ni dawa, si mikono laini ya huyu bwana.

SAA TANO. NJIA YA BUTIAMA.

Wizi wenyewe ulikuwa rahisi hadi ukatia aibu. Recho aliikatisha gari lao, Noah, mbele ya pikapu. Mugeta alishuka na bastola. Dereva alinyoosha mikono kabla hajaambiwa, akalala kwenye majani, boksi la bluu likahamia kwao.

"Nipe changu sasa hivi," Recho alisema.

"Wanawake hamuaminigi watu," Mugeta alicheka, akamrushia kichupa.

Recho alikitumbukiza kwenye chupa ya chai aliyoijaza barafu tangu asubuhi, akafunga kifuniko.

Hawajafika mbali, simu ya Mugeta ikalia. Alisikiliza, akatukana, akakata. Polisi wamesimama Kiabakari. Wanatafuta boksi la bluu.

"Boksi litupwe kwenye mtama. Vichupa tunabandika tumboni na soloteipu. Hivyo ndivyo tulikuwaga tunapitisha vitu mpakani."

Benson alipiga yowe. "Kaka, hapana! Vitaganda!"

"Vigande kwa joto? Nyumbani samli ikigoma asubuhi, unaweka kibuyu kwapani, inalainika. Joto linalainishaga vitu, we mtoto wa mjini."

"Hii siyo samli! Mbona yai linaganda kwa joto? Recho, mwambie!"

Recho aliyaona macho ya Benson kwenye kioo. Alijua anasema kweli. Lakini chake kilikuwa kwenye barafu, na wajinga wawili wakijiharibia mali ya wizi, shauri yao. Alikaa kimya, akawasha gari.

SAA SABA. KIABAKARI.

Askari alichungulia ndani. Wanaume wawili walikuwa wakitoka jasho, vichupa vimebandikwa chini ya mashati.

"Mama, hiyo nini?"

"Chai ya mgonjwa, afande."

"Haya, pita. Pole na kuuguza."

SAA NANE. BUNDA.

Nathanieli aliwapokea kwenye stoo ya duka lake la dawa, amevaa koti jeupe ambalo hakulisomea hata siku moja. Aliinamisha kichupa cha kwanza. Ute haukusogea. Cha pili. Cha tano. Aliwatazama kwa dharau.

"Mugeta, umeniletea jeli ya nywele?"

Mugeta alimgeukia Benson taratibu. "Umetuuza. Umebadilisha mzigo."

"Nilikwambia! Nilikwambia njiani, vitaganda!"

"Nani alisikia?"

"Recho alisikia. Dada, mwambie."

Bastola ilikuwa imetoka. Recho aliibana chupa ya chai chini ya kwapa. Akisema ndiyo, wataulizana kwa nini alinyamaza. Wakishauliza hilo, watakumbuka chake kiko wapi, na ndicho kichupa pekee Nathanieli angekinunua.

"Ulisikia, Recho?"

"Mimi nilikuwa naendesha," alisema. "Sikusikia kitu."

Mugeta alifyatua. Benson alikaa chini kwenye makatoni, shati lake safi likalowa. Alimtazama Recho tu, hakumtazama aliyempiga.

Nje watu walishaanza kupiga kelele za mwizi. Recho alikimbia, akaingia kwenye Noah, akaondoka mlango ungali wazi. Nyuma Mugeta alitoka akiita jina lake, vijana wa bodaboda wakamzingira na mawe mikononi. Hakupunguza mwendo, wala hakumhurumia.

SAA TISA. GUTA.

Marcelina alikuwa ameoga na kujipaka mafuta, kanga safi imeshuka mabegani ili shingo ionekane.

Recho alifungua chupa, akakitoa kichupa kwa ncha za vidole, akakiinamisha. Ute ulitiririka kama maji. Alicheka peke yake.

"Nimekuletea, mdogo wangu. Nafuata nesi hapo zahanati akudunge."

"Nesi wa nini?" Marcelina alishangaa. "Kaka Benson alinipigia asubuhi. Amesema uvimbe umelalia mshipa mkubwa, mtu mwingine asiniguse. Ikiingia kwenye mshipa inaganda humohumo, nakufa hapahapa. Amesema yeye ameshazoea."

Recho alikirudisha kichupa kwenye barafu.

Marcelina alichungulia nyuma yake, kwenye gari lililoachwa wazi.

"Dada," alisema, "si mlikuwa mnakuja naye?"