Kopo la Mwisho la Njugu Mawe

Ngurumo ilitangulia. Ilibingirika kutoka nyuma ya msitu wa Ipole, na Adelina akauacha mwiko ndani ya sufuria. Wingu hakuwa ameliona bado. Alichofikiria ni kopo.

Kopo lilikuwa chini ya kitanda. Lilikuwa na mbegu za njugu mawe za marehemu mama yake, nyekundu, zenye jicho jeupe. Madukani hazipo. Mama alipanda siku za radi ya kwanza, na Adelina naye hufanya hivyo. Mwaka jana alipanda makopo matatu. Mvua ilinyesha siku mbili, kisha jua likawaka wiki tatu. Miche yote ikakauka. Sasa limebaki kopo moja.

Mdogo wake Levina, anayeishi Kanyenye mjini, hupiga simu kila Jumapili. Haanzi na habari za watoto. Huulizia kwanza njugu za mama, maana ana hamu nazo mpaka anaota harufu ya chungu.

Mvua ilinyesha jioni ile. Asubuhi Adelina alichukua jembe na kopo, akaenda shambani. Jirani yake, mzee Ngollo, alikuwa ameshapanda nusu shamba. Hapo akatokea Magreth, bibi shamba wa kata, akikokota baiskeli. Alipoliona kopo, alimsihi asubiri. Redio imetangaza utabiri wa siku kumi, alisema, na mvua itakuwa haba. Utabiri ni wa eneo kubwa na hubadilika, aliongeza. Kwa hiyo mkulima ausikilize kila mara, kisha apime shamba lake mwenyewe.

"Mama alipanda kwa radi," Adelina alisema, "na alivuna."

"Radi inakwambia mvua iko mahali fulani. Haikwambii imeingia kiasi gani shambani kwako. Hebu chimba."

Adelina alichimba. Udongo ulikuwa umelowa urefu wa kidole tu. Chini yake, vumbi.

"Unyevu ufike shubiri moja," Magreth alisema, "na utabiri uonyeshe mvua inaendelea. Hapo panda."

Adelina aliingiza mkono shimoni. Akilini alimwona mama, amepiga magoti shambani, mkono umezama ardhini mpaka kwenye kifundo. Utotoni alidhani mama anausalimu udongo.

"Alikuwa anapima," alisema polepole. "Mimi nilishika radi tu."

Mzee Ngollo alimtania kutoka ng'ambo ya mpaka. "Mwenzetu unangoja mvua ikupigie simu?"

"Itapiga, baba. Namba yangu inayo."

Jua likawaka siku kumi na sita. Miche ya Ngollo ikanyauka, naye akaja taratibu kuuliza utabiri husomwa saa ngapi. Adelina akamkaribisha, wakawa wanasikiliza pamoja. Siku moja redio ikatangaza mvua za mfululizo. Zilinyesha siku tatu. Adelina alichimba, akapima shubiri, akakuta unyevu mpaka chini. Akapanda kopo lote. Ngollo naye akarudia kupanda.

Jumapili moja ya Februari, simu ya Levina ilimkuta katikati ya mistari ya kijani, maua ya njano yamejificha chini ya majani. Levina aliuliza swali lake lilelile.

"Zipo, mdogo wangu," Adelina alisema. "Nakuahidi, makopo matatu ya kwanza ya mavuno nitayatunza yawe mbegu. La nne ni la chungu chako. Njoo ukae jikoni kwa mama, nitakupikia kama alivyopika yeye."